Koliflawa ya kuoka na chizi: maji ndo adui yako

Ukimsikia mtu anasema hapendi koliflawa ya chizi muulize kwanza aliila wapi, maana mara nyingi aliyokutana nayo ni ile iliyotoka oveni chizi ya juu imeshakuwa nyeusi, chini kuna maji meupe yanazunguka bakuli, na mboga yenyewe imelegea mpaka ukiigusa na uma inajiachia. Afu lawama zote inabebeshwa oveni, au utasikia chizi za huku kwetu hazifai. Zinafaa sana, ntafika huko. Shida ni maji. Koliflawa ni maji asilimia 92 hivi, kabichi nayo hivyo hivyo, maziwa ya kutengenezea sosi ni maji asilimia 87, sasa ukivimwaga vyote kwenye bakuli moja bila kupunguza maji popote ulitegemea nini? Kwa hiyo karibu kila kitu ntakachosema hapa ukikiangalia vizuri ni namna ya kuyatoa maji au kuyashika yasitembee, mengine ni ladha tu na ladha kila mtu ana yake.

Hii ni mboga ya pembeni, sio mlo mzima. Inakaa na kuku wa kuoka, samaki wa kukaanga, nyama choma, na wali mweupe na kachumbari inaenda pia. Waingereza wanaila Jumapili na nyama ya kuoka, wengi wetu tumekutana nayo kwenye bafee za harusi na mahotelini, ndo mana watu wanaiogopa wanaona ya kizungu sana wakati vitu vyenyewe ni unga wa ngano, siagi na maziwa ambavyo viko jikoni siku zote. Kinachouma bei ni chizi tu na hiyo tutaibana.

Kwa watu 6 (au 4 kama ni walaji kweli) chukua koliflawa moja ambayo ukishatoa majani inabaki gramu 800 hivi, karoti 2 za wastani, siagi gramu 40 ambayo ni vijiko 3 vya chakula, unga wa ngano gramu 40 yani vijiko 5 vya chakula visivyojaa kilima, maziwa nusu lita, chizi aina ya cheddar gramu 150, mozzarella gramu 60, haradali kijiko kimoja cha chai, kitunguu swaumu punje moja, pilipili manga, kungumanga kidogo, mafuta ya kula vijiko 2, na chenga za mkate mkavu viganja viwili. Chumvi ipo lakini usiishike kwanza. Bakuli la kuokea liwe la lita 2 au karibu na hapo, na liwe pana kuliko kwenda chini, kwa sababu ukoko wa juu ndo kila mtu anaugombania na bakuli jembamba refu linakupa ukoko kidogo na uji mwingi.

Sokoni sasa. Koliflawa inapenda baridi, kwenye joto kichwa hakifungi vizuri, ndo mana ya Dar inatoka Lushoto na Arusha huko juu, na Nairobi wanaipata kutoka Kinangop na Limuru. Ikifika pwani imeshasafiri, kwa hiyo nenda asubuhi na uangalie majani kabla hujaangalia ua: majani yakiwa mabichi yamekaza ujue bado ina uhai, yakiwa ya njano yamenywea au muuzaji ameyakata yote mpaka shina, jiulize anaficha nini. Ua liwe jeupe au la rangi ya krimu na limebanana, ulibonyeze lisikubali. Vidoa vya kahawia vidogo sana unaweza kuvikwangua na kisu lakini vikishakuwa vingi na ukinusa unasikia harufu ya kabichi iliyolala, achana nayo. Na yale majani madogo ya ndani usiyatupe, yana kiuti kitamu kikiokwa, mi nayaweka pamoja na mboga.

Ukifika nyumbani kata vipande kwanza ndo uloweke. Kata kwa kupitisha kisu kwenye shina, usikate kwenye ua, yani ingiza kisu kwa chini halafu upanue kwa mkono ua lijigawe lenyewe, ukikata kwa juu utapata chenga kibao kwenye kibao cha kukatia na hizo chenga baadae zinaloweka sosi inakuwa kama mchanga. Vipande viwe saizi moja, kama vya kuliwa kwa kuumwa mara mbili. Weka kwenye maji ya baridi yenye chumvi kijiko kimoja cha chakula, dakika 10 mpaka 15, ua likiwa limeangalia chini. Utaona wadudu wadogo wa kijani wanatoka taratibu na kuzama, wale wa kabichi wanapenda sana kujificha humo ndani na ukisuuza tu kwa bomba hawatoki. Usishtuke, mboga iliyopigwa dawa kila wiki haina mdudu na hiyo ndo ya kuogopa zaidi.

Sasa hapa ndo njia zinagawanyika. Wengi wanachemsha. Kuchemsha kunawezekana ila ni dakika 3, na ntarudia, dakika 3 kwenye maji yanayotokota yenye chumvi, unachuja, unatandaza vipande kwenye kitambaa kisafi visigusane na unaviacha dakika 10 au zaidi vitoe mvuke. Ule mvuke ni maji yanayoondoka bure, ukifunika chujio na mfuniko umeyarudisha. Kuna watu wanachemsha mpaka inaiva kabisa afu wanaipeleka oveni dakika 30 tena, hapo unapika mara mbili kitu ambacho kiliiva mara ya kwanza.

Mi naona kuoka kwanza ni bora kuliko kuchemsha na sitabadilika kwenye hili. Oveni nyuzi 220, vipande vya koliflawa na karoti ulizokata duara za unene wa kidole kidogo vipake mafuta yale vijiko 2 na pilipili manga, tandaza kwenye trei visipandane, dakika 15 mpaka 20. Vikianza kupata madoa ya kahawia pembeni toa. Utaona vimesinyaa, trei ikiwa imejaa mwanzoni sasa kuna nafasi kati kati, na hiyo nafasi ndo maji yaliyoondoka. Halafu ladha inabadilika kabisa, inakuwa na utamu fulani na ile harufu kali ya kabichi inapungua. Kama huna muda au unabana gesi chemsha dakika 3 zako, sitakugombeza, ila ukaushe kweli.

Sosi. Hapa watu wanaogopa bure. Yeyusha siagi kwenye sufuria nzito moto wa chini, ikishayeyuka na kuanza kutoa povu weka unga wote kwa mkupuo na koroga na mwiko wa mbao. Mwanzoni inakuwa bonge moja zito, endelea tu kukoroga, baada ya dakika moja inalegea inakuwa kama mchanga wa ufukweni ulioloa na inaanza kunukia kama biskuti. Ipe dakika 2 jumla. Usiruke hizo dakika 2 kwa sababu unga mbichi una ladha yake na haufichiki hata uweke chizi kilo nzima, mtu atakula na kusema kuna kitu hakijakaa sawa na hatojua ni nini. Usiache ibadilike rangi kuwa kahawia pia, tunataka nyeupe.

Maziwa yawe ya uvuguvugu. Kama ni yale ya kwa muuza maziwa wa mtaani yanatakiwa yawe yameshachemka mwanzo, hayo mambo ya kunywa maziwa mabichi tuyaache, ya pakiti yatie moto kidogo tu. Mimina kama robo kikombe kwanza na ukoroge mpaka yote yanyonywe, itakaza ghafla utadhani umeharibu, mimina tena robo, koroga, mara ya tatu mara ya nne inaanza kulainika ndo unaweza kumimina yaliyobaki taratibu huku unakoroga na ule mchapo wa kupigia mayai. Mabonge yanatokea ukimwaga maziwa yote kwa pamoja, unga wa nje unavimba unajifunga na wa ndani unabaki mkavu hauwezi kufikiwa tena. Yakitokea usilie, pitisha sosi kwenye chujio la chai kubwa au la nazi, hakuna atakayejua.

Iache ichemke kidogo, sio mvuke tu, ichemke kweli na kutoa mapovu mazito yanayopasuka taratibu, kwa sababu wanga wa ngano haumalizi kazi yake ya kukaza mpaka sosi ifike karibu na kuchemka. Watu wanaitoa mapema wakiona imeanza kuwa nzito wanasema tayari, afu ikifika oveni inaonekana nyepesi wanashangaa. Dakika 4 au 5 za moto mdogo huku unakoroga na kukwangua chini maana inashika. Kipimo chake ni hiki: chovya mwiko, ugeuze, pitisha kidole mgongoni mwa mwiko uchore mstari. Mstari ukibaki wazi na kingo hazitembei sosi iko sawa. Kingo zikiteremka kufunga mstari bado. Kwa ajili ya kuoka na mboga inabidi iwe nzito kuliko unayotaka kuila, kwa sababu mboga itatoa maji kidogo tu hata ufanye nini, na yale maji yanakuja kuilainisha sosi ikiwa ndani ya oveni.

Sasa zima moto. Nimesema zima. Subiri dakika moja, weka haradali, kitunguu swaumu ulichosaga, kungumanga, halafu cheddar ulizokwaruza gramu 110 (nyingine 40 ni za juu) kidogo kidogo unakoroga mpaka iyeyuke. Sababu ya kuzima ni kwamba chizi ikipata moto mkali protini zake zinajikaza zinakamua mafuta nje, ndo unapata sosi yenye chembe chembe na mafuta ya njano yanaelea juu. Joto lililobaki kwenye sosi linatosha kabisa kuiyeyusha. Kungumanga ya Zanzibar nzima, ukaikwaruza wewe mwenyewe hapo hapo, ina harufu ambayo ya unga ya kwenye kikopo iliyokaa mwaka mzima haina, lakini weka kidogo, ncha ya kisu, ikizidi inaonja dawa. Haradali wala hutoisikia kama haradali, kazi yake ni kuikata ile ladha ya maziwa na kuiamsha chizi. Baada ya hapo ndo uonje na uamue chumvi. Chizi ina chumvi, siagi nyingi za dukani zina chumvi, mboga ulichemshia kwenye chumvi, ukiweka na nyingine mwanzoni kwa mazoea huwezi kuitoa.

Kuhusu chizi yenyewe. Cheddar inaleta ladha, mozzarella inaleta ule mvuto wa nyuzi na rangi nzuri ya juu, moja peke yake haitoshi. Mozzarella tupu ni nzuri kwa picha ila mdomoni haina maneno mengi, na ile iliyo kwenye maji usiitumie kabisa hapa, tumia ile kavu ya kwenye pizza. Gouda pia inakaa vizuri mahali pa cheddar na inatengenezwa sana huku kwetu. Njombe wanatengeneza chizi za mtindo wa Italia miaka mingi tu, Lushoto pale shamba la Irente wana yao, Tanga wanasindika mozzarella, Wakenya wana za Limuru, kwa hiyo mtu asikwambie lazima ununue iliyokuja na ndege. Tafuta cheddar iliyokomaa, inauzwa ghali kidogo lakini ladha yake kali inafanya utumie chache, na hapo ndo unabana bei bila mtu kugundua. Rangi isikudanganye, ile cheddar ya machungwa na nyeupe tofauti yake mara nyingi ni rangi iliyowekwa, na hiyo rangi inatoka kwenye mbegu za mzingefuri, ule ule mti wanaowapakia watalii midomoni kwenye mashamba ya viungo Unguja.

Nunua kipande ukwaruze mwenyewe na greta. Zile zilizokwaruzwa tayari kwenye pakiti zinapakwa wanga zisishikane, zinafaa kwa juu lakini ndani ya sosi zinaifanya iwe na unga unga. Na kwa wenzangu wanaoangalia halali, soma pakiti, baadhi ya chizi zinagandishwa na kimeng'enya cha tumbo la ndama na nyingine na cha mimea au vijidudu, zenye alama zipo siku hizi. Mbinu moja ya bei nafuu ambayo wapishi wa shughuli wanaijua: zile chizi za pembetatu za watoto wa shule, mbili tatu ukizikoroga ndani ya sosi kabla ya cheddar, sosi inakuwa laini kama hariri na haikatiki kirahisi, kwa sababu zina chumvi maalum zinazoshikanisha mafuta na maji. Kwenye mkate ni za kawaida tu ila kwenye sosi zina kazi.

Kupanga. Paka bakuli siagi, changanya mboga na nusu ya sosi kwenye sufuria ili kila kipande kipate, mimina bakulini, yaliyobaki ya sosi mwagia juu lakini acha vichwa vichwa vya koliflawa vichomoze, hivyo ndo vitakavyoshika rangi. Chenga za mkate changanya na kijiko cha siagi iliyoyeyuka na zile cheddar zilizobaki, nyunyiza mozzarella kwanza afu chenga juu. Chenga unazipata kwa kukausha mkate wa juzi kwenye oveni na kuusaga kwa mkono, zisiwe unga, ziwe za kukwaruza. Ukitaka pilipili, kata ya kijani nyembamba nyunyiza nusu ya bakuli tu, nusu ya watoto iache.

Oveni nyuzi 200, gesi namba 6, kati kati ya oveni, dakika 20 mpaka 25 kwa mboga uliyooka mwanzo, uliyochemsha ongeza 5. Usifunike. Foili inarudisha mvuke na mvuke ni maji, tumeshaongea. Unachoangalia ni pembeni: sosi inachemka kwenye kingo za bakuli na juu kuna madoa ya dhahabu. Kama inachemka lakini juu kweupe, washa moto wa juu dakika 2 au 3 na usiondoke hapo mlangoni, usiende kujibu meseji, chizi inatoka dhahabu kwenda mkaa ndani ya muda wa kusoma stetasi moja. Vile vioveni vidogo vya mezani vya umeme vina moto wa juu uko karibu sana na chakula, weka trei chini kabisa na anzia nyuzi 180.

Ikitoka iache dakika 10. Najua harufu inavyosumbua, lakini sosi ikiwa inachemka ni nyepesi na ikipoa kidogo inakaza, ukichota mapema utaona inamwagika utasema nimekudanganya. Katika hizo dakika 10 tengeneza kachumbari yako yenye ndimu ya kutosha, maana hiki chakula ni kizito na kinataka kitu kichachu pembeni.

Ambao hamna oveni msiondoke. Jiko la mkaa linafanya hii kazi na mi naona ukoko wake ni mtamu zaidi. Chukua sufuria kubwa nzito, tandaza mchanga mkavu msafi chini unene wa vidole viwili au weka vijiwe vitatu, funika, tia moto dakika 10 ipate joto. Bakuli la ndani liwe la bati au aluminiamu, la kioo usijaribu, likiguswa na moto usio sawa linapasuka na mchanga unaingia kwenye chakula. Ingiza, funika na mfuniko bapa wa bati, chini punguza makaa yabaki machache, juu ya mfuniko palia makaa mengi yaliyokolea, vile vile unavyopalia wali au keki. Moto wa juu ndo unaotengeneza rangi, wa chini ni wa kupasha tu. Dakika 25 funua mara moja uangalie, kwa uangalifu majivu yasiingie, na ukifunua futa matone ya mvuke yaliyoganda ndani ya mfuniko na kitambaa kikavu kabla ya kurudisha. Hilo la matone watu hawalifanyi, afu wanashangaa ukoko umelowa. Maikrowevu haifai, inapasha lakini rangi haitoi.

Na vioo vya oveni pia tahadhari hiyo hiyo: bakuli la kioo limetoka friji usilipeleke moja kwa moja kwenye oveni ya moto, liache mezani nusu saa.

Mboga nyingine. Brokoli inaiva haraka kuliko koliflawa, kama unachanganya iweke kwenye trei dakika 8 za mwisho. Kabichi ndo siri ya mtu mwenye bajeti, ikate vipande vya pembe shina likiwa limeshikilia majani, uchome kwenye kikaangio chenye mafuta kidogo kila upande mpaka ishike rangi ya kahawia, afu sosi na chizi juu, dakika 25, na watu watakuuliza umeweka nini, wallahi nusu hawatoamini ni kabichi. Boga lioke bila kulichemsha kabisa, likichemka linanyonya maji kama limelaaniwa. Biringanya kata duara, nyunyiza chumvi nusu saa, futa, kaanga. Spinachi na mchicha vinatoa maji ya ajabu, chemsha kidogo, poza, kamua kwa mikono miwili mpaka kuwe hakuna hata tone, ukidhani umemaliza kamua tena, na ukishakamua fungu kubwa linabaki ngumi moja kwa hiyo nunua mafungu mengi. Nyanya mbichi ndani siwashauri. Bamia hapana.

Viazi ni habari tofauti kidogo kwa sababu vyenyewe vina wanga, huhitaji unga wala siagi ya sosi. Kata vyembamba milimita 3, usivioshe baada ya kukata maana ule wanga ndo utakaokaza, chemsha na maziwa na krimu kidogo dakika 5 hapo hapo jikoni ukiwa unakoroga, weka kungumanga na kitunguu swaumu, mimina bakulini, na hapa ndo pekee ntakuruhusu foili, nyuzi 180 dakika 40 imefunikwa, toa foili weka chizi, dakika 20 nyingine mpaka kisu kiingie bila kugoma. Wafaransa wa Dauphiné wana yao maarufu ya namna hii na kuna wanaobishana mpaka leo kama chizi inaruhusiwa ndani yake au la, sisi tunaweka.

Ukitaka kuandaa mapema kwa ajili ya wageni, panga kila kitu mpaka kwenye chizi lakini chenga za mkate ziache pembeni, poza kabisa, funika, weka friji hata usiku mzima. Kesho yake itoe nusu saa kabla, weka chenga, oka dakika 35 badala ya 25. Ni nzuri sana kwa siku za umeme wa wasiwasi, kwa sababu kazi kubwa imeshafanyika na ukikatika unahamia kwenye mkaa bila presha.

Iliyobaki usiiache mezani mpaka jioni hasa kwa joto la pwani, ndani ya saa 2 iwe friji, inakaa siku 3. Friza siipendi kwa hii kitu, sosi ya maziwa na unga ikigandishwa na kuyeyushwa inakatika inatoa maji tena. Kuipasha tumia oveni au kikaangio chenye mfuniko, moto mdogo. Au fanya hivi asubuhi: iponde kidogo na uma, ipake kwenye slesi ya mkate, weka slesi nyingine juu, kaanga kwenye kikaangio na siagi pande zote mbili, na chai ya tangawizi.